Sanduku la Nyuzi Nyembamba

Temeke,
2 Septemba 1956

Kwa Fundi Muhdhar, Kinondoni.

Salamu nyingi. Hunijui. Jina langu Gozbert, Mhaya wa Bukoba, kibarua katika karakana ya garimoshi. Anayekuletea barua hii ni Didas, yule anayepita mitaa yenu na baiskeli ya mkaa. Tunakaa chumba kimoja.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwenye dansi Magomeni. Mpiga gitaa alikuwa na sanduku la sauti, nikamwuliza limetoka wapi, akakutaja wewe. Fundi, mimi si mtu wa kucheza. Nilisimama mbele ya lile sanduku mpaka watu wakanivuta shati wakidhani nimelewa. Nilisikia kila uzi wa lile gitaa, hata ule wa chini kabisa ulio mwembamba kama unywele. Sikuondoka mpaka walipozima.

Nami nina gitaa. Nililinunua kwa baharia mwaka ule nilioshuka pwani. Kwetu baba alikuwa mpiga nanga, kile kinubi cha Kihaya, kwa hiyo mkono wangu haukuanza jana. Nataka unitengenezee sanduku kama lile, lakini lenye nguvu zaidi. Zaidi sana.

Sababu ni hii. Mke wangu Apolonia anakuja mwezi wa Desemba, kwa meli ya ziwa halafu treni. Miaka mitatu hatujaonana. Nimemwahidi kwamba akifika nitampigia ule wimbo niliompigia tulipooana. Sasa gitaa peke yake halitoshi. Sauti yake imepungua.

Niambie utahitaji nini kwangu. Malipo nitayaleta kidogo kidogo kila nikipokea mshahara, Didas ni shahidi.

Mimi,
Gozbert


Kinondoni,
6 Septemba 1956

Bwana Gozbert,

Salamu zako zimefika, pamoja na vumbi la mkaa la Didas, ambalo bado limo ndani ya bahasha.

Kazi naiweza. Mie amplifaya zangu naziunda kwa mkono, moja moja. Sanduku anachonga seremala jirani, na vya ndani naviunga mwenyewe. Valvu, vile vitaa vya kioo vinavyowaka ndani ya redio, nazipata kwenye redio za jeshi zilizotupwa baada ya vita na kwenye mashine kuukuu za sinema. Hakuna mbili zinazofanana. Ndiyo maana siuzi kama mtu anayeuza sabuni. Nataka nimsikie mtu anavyopiga, ndipo nijue sauti gani ya kumpa. Yuko anayekwaruza, yuko anayebembeleza. Yule wa Magomeni alikaa barazani kwangu siku nzima.

Basi njoo Jumapili na gitaa lako. Litahitaji pia kutiwa kinasa sauti chini ya nyuzi, sumaku na waya mwembamba tu, navitoa kwenye visikilizio vya simu za jeshi. Kahawa ipo, na mke wangu Nunu anapika kashata.

Nyumba yako ina umeme?

Na jambo jingine. Unasema sauti ya gitaa imepungua. Gitaa halipungui hivi hivi. Pengine nyuzi zimechakaa, au ubao umepasuka kwa ndani. Umebadilisha nyuzi?

Muhdhar


Temeke,
10 Septemba 1956

Kwa Fundi Muhdhar,

Nyumba ni ya Bi Chausiku, haina umeme. Ina taa za mafuta na kelele za mwenyewe Bi Chausiku. Lakini dereva mmoja wa lori ataniazima betri.

Nyuzi nimebadilisha mara tatu. Zile nene ziko sawa. Nyembamba ndizo zinatoka dhaifu, kama mtu anayegonga godoro kwa kidole. Nadhani siku hizi wanazitengeneza vibaya. Vitu vingi vimeharibika siku hizi. Hata mbu wa Temeke hawalii tena, wanauma kimya kimya. Na wanawake wa mjini wanasema kama wana kiazi mdomoni.

Jumapili sikuweza kuja, kazi ni nyingi. Nakupelekea gitaa kwa Didas, ulitazame na kutia hicho kinasa. Mimi napiga kwa vidole viwili, cha gumba na cha shahada, kama baba alivyopiga nanga. Hiyo inatosha kunijua.

Na nguvu, Fundi. Usisahau nguvu.

Gozbert


Kinondoni,
18 Septemba 1956

Bwana Gozbert,

Gitaa limefika, limelazwa juu ya magunia kama mgonjwa. Nimelichunguza. Ubao ni mzima. Nyuzi ni mpya na hazina ila yoyote. Hizo nyembamba unazozisingizia zinalia vizuri mpaka mama yangu alitoka ndani kuuliza nani amekuja. Kilichonishangaza ni namna nyuzi zilivyofungwa sauti. Nyuzi nene zimepatana sawasawa, wala sikuzigusa. Mbili nyembamba zimekwenda mbali kabisa, utadhani nusu ya gitaa alifunga fundi na nusu nyingine alifunga mlevi. Nimezirudisha.

Sasa niseme la moyoni. Didas ameniambia kuwa Jumapili mnatoka kanisani asubuhi, halafu unakaa chumbani kutwa. Kwa hiyo kazi si sababu. Wako watu hapa mjini wanaopenda kazi ya mkono wa Mwarabu lakini hawataki kukaa kwenye baraza lake. Ukiwa mmoja wao, sema tu. Amplifaya nitakutengenezea hivyo hivyo, ila nitajua namtengenezea nani.

Muhdhar


Temeke,
20 Septemba 1956

Kwa Fundi Muhdhar,

Umeniumiza, lakini haki yako, kwa kuwa nilikudanganya. Kazi si sababu.

Uarabu wako pia si sababu. Kule Bukoba shati langu la ubatizo alitukopesha Mwarabu mwenye duka, baba akalipa baada ya kuuza kahawa, na miaka ile yote hakutudai kwa ukali. Kwenu nitakaa, nitakula.

Ila mimi kukaa na watu siku hizi kunanichosha. Kwa kuandika mambo yangu yananyooka, ingawa shule yangu ni ya katekisimu tu. Na kazi yenyewe ni hii. Boila la garimoshi, lile tangi la mvuke, likipoa, tunaingizwa ndani kwa tundu, watu wanne, kila mtu na nyundo yake, tunagonga magamba ya kutu mpaka yadondoke. Ndani ya chuma nyundo moja ni kama kumi. Nikitoka jioni kichwa kinaendelea kugonga chenyewe. Nikifika nyumbani sitaki mtu, nataka gitaa.

Usinikasirikie. Endelea kutengeneza.

Gozbert


Kinondoni,
25 Oktoba 1956

Bwana Gozbert,

Nisamehe kwa maneno yale. Nilipoisoma barua yako kwa sauti, Nunu aliniambia kwamba kuna watu huugua uchovu kama wengine wanavyougua homa, na kwamba mimi napenda sana kukasirika.

Amplifaya ndiyo hii, Didas ameifunga kwa kamba za mkonge. Inakwenda kwa betri. Waya mwekundu upande wa kujumlisha, usikosee. Iache ipate moto kidogo, valvu zikiwa nyekundu ndipo upige.

Ina ila moja. Kuna mluzi mwembamba unaotoka hata usipogusa uzi. Nimehangaika nao wiki nzima. Nunu anasema ni kama birika linalochemka chumba cha pili. Ijaribu kwa siku chache. Ukikukera, irudishe nihamishe valvu ya kwanza iwe mbali na transfoma. Wako wanaozoea, na wako wasioweza kuvumilia hata kidogo.

Niambie imekuwaje.

Muhdhar


Temeke,
29 Oktoba 1956

Kwa Fundi Muhdhar,

Mungu akubariki. Sanduku ni zuri, hata harufu yake ni nzuri, harufu ya mbao na vumbi linalopata moto. Nyuzi nene zinanitikisa mpaka tumboni. Nyembamba zimekuja kidogo. Hazijafika kama Magomeni, lakini zimekuja. Ongeza nguvu tu.

Ule mluzi sijausikia. Nadhani baiskeli ya Didas imeutikisa njiani ukatoka. Sanduku limetulia kama kanisa siku ya kazi.

Kero yangu ni Bi Chausiku. Siku ya kwanza tu alisukuma mlango na mwiko mkononi, akanipigia kelele usoni. "We Gozbert, umesahau birika motoni?" Nikamwambia sina birika. "Sasa nani anapiga mluzi humu tangu alasiri? Mapaka yangu yote yamehama." Nikamwambia kwa adabu kwamba mtu akishakuwa mtu mzima masikio huanza kumchezea. Tangu hapo haitikii shikamoo yangu. Didas naye amehamishia mkeka wake barazani, anasema chumbani kuna joto.

Gozbert


Kinondoni,
1 Novemba 1956

Ndugu yangu Gozbert,

Barua yako nimeisoma mara mbili, nikampa Nunu naye akaisoma. Alianza kucheka pale kwenye mapaka, kisha akarudi juu kwenye mluzi, akanirudishia.

Mluzi haukutoka njiani. Didas anasema unasikika mpaka kwenye bomba la maji. Alihama kwa sababu hiyo, akaona haya kukuambia. Bi Chausiku masikio yake ni mazima. Nyuzi zako ni nzima, na waliozitengeneza hawakukosea. Na mbu wa Temeke wanalia, ndugu yangu. Wanalia kama zamani.

Nilipaswa kujua tangu lilipofika lile gitaa. Ulifunga nyuzi unazozisikia, na zile mbili ulizikisia. Badala ya kufikiri, nikakutukana kwa habari ya baraza.

Nguvu sitaongeza. Nakukatalia kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Makelele ya lile boila ndiyo yaliyokufikisha hapa, na sanduku lenye nguvu unayoitaka litamaliza yaliyobaki. Lirudishe kwangu. Lakini niandikie kweli, sauti zipi bado zinakujia na zipi haziji. Nitaanzia hapo. Kama hutaki kuja, usije.

Muhdhar


Temeke,
4 Novemba 1956

Ndugu Muhdhar,

Umenikamata. Barua yako niliisoma nimekaa chooni ili Didas asinione.

Walianza kuondoka nyenje. Nikafikiri ni kiangazi. Ikafuata kengele ya baiskeli, nikagongwa mara mbili. Halafu watoto, halafu wanawake. Wanaume nawasikia wakisema karibu. Ngoma nasikia, injini nasikia, mvua juu ya bati nasikia. Kanisani nasikia kinanda upande mmoja tu, ule mzito. Kazini wanatutoa ndani ya boila kwa filimbi. Siisikii. Naangalia miguu ya wenzangu, ikienda nami naenda. Msimamizi akijua, kesho sina kazi.

Kwako nilikuja. Ni Jumapili ile ya kwanza uliyonialika. Nilifika mpaka ng'ambo ya barabara, nikakuona umeinama unalehemu, mama yako na mke wako wanazungumza wote kwa pamoja na wewe unawajibu bila kuinua kichwa. Nikaona nitakaa katikati yenu nikitabasamu kama mjinga, nikiitikia ndiyo penye hapana. Nikageuza. Kwa barua nasikia kila kitu. Wewe hukunijua kama kiziwi, nikapenda hivyo.

Sasa jua lote. Apolonia ana sauti nyembamba. Kwetu shangazi zake walikuwa wakimtania kwamba ameazima koo la ndege. Nilipousikia ule uzi wa chini kule Magomeni, nilisema moyoni kwamba kama huu unakuja, basi na yeye anaweza kuja. Ndiyo maana nilitaka nguvu. Yeye hajui. Katika barua zangu nimemwandikia habari za chakula tu.

Gozbert


Kinondoni,
24 Novemba 1956

Ndugu yangu,

Inarudi. Nguvu nimepunguza, usinung'unike kabla hujaisikia.

Mbele utaona kitufe cha kuzungusha. Ukikielekeza kushoto, huo ni upande wa watu, sauti yake tamu kwa kila mtu. Kulia ni upande wako. Huko nyuzi nene nimezishusha, na zile nyembamba nimezipandisha mpaka Nunu alitoka nje na mtoto, ameziba masikio yake na ya mtoto. Kwetu sisi ni kama sindano. Kwako sijui itakuwaje. Mie kazi zangu zote nazijaribu kabla hazijatoka mlangoni. Hii ni ya kwanza nisiyoweza kuijaribu.

Mluzi nimeuondoa, kwa heshima ya Bi Chausiku. Mpe shikamoo yangu na umwombe radhi.

Tena, kabla ya kuingia ndani ya chuma kile, chovya pamba katika nta, uzibe. Filimbi husikii hata hivyo, hutapoteza kitu. Hilo si ombi.

Muhdhar


Temeke,
27 Novemba 1956

Ndugu Muhdhar,

Imefika. Nilikielekeza kulia, nikakaa na gitaa mapajani bila kupiga. Niliogopa. Kisha nikagusa uzi wa chini kabisa.

Ulikuja. Haukuja kama zamani, umekuja umevaa nguo nyingine, una ukali fulani. Lakini ni wenyewe. Niliufunga mwenyewe ukapatana na wenzake, nikaujaribu tena, ukabaki pale pale. Nikapiga wimbo wetu mpaka mwisho.

Nilipoinua macho, Bi Chausiku alikuwa mlangoni na kanga imefungwa kichwani juu ya masikio. Didas amemwambia. Nilimwomba radhi. Alitikisa mkono tu, akaniletea bakuli la uji, akalikimbia sanduku.

Pamba naivaa. Wenzangu wananicheka.

Apolonia akifika nitaweka upande wa watu. Wimbo naujua kwa vidole. Yeye asikie utamu, sindano nitabaki nazo mimi.

Gozbert


Temeke,
19 Desemba 1956

Kwa shemeji yangu Muhdhar,

Mimi ni Apolonia, mke wa Gozbert. Sijakuona, lakini jina lako nimelisikia humu ndani kuliko langu.

Stesheni nilimwita akiwa amenipa mgongo. Nikamwita tena. Watu wote waligeuka isipokuwa yeye. Shemeji, nilisimama na mzigo wangu kichwani nikasema huyu ameshapata mwanamke mjini. Hata nikaanza kufikiri nani atanikopesha nauli ya kurudi. Aliponiona alilia mbele za watu, nikachanganyikiwa zaidi.

Jioni akanikalisha kwenye kigoda akanipigia wimbo. Ulikuwa mzuri, vile vile. Lakini nilimtazama usoni, akawa kama mtu anayehesabu mizigo. Zamani akipiga alifumba macho. Nikamwuliza hicho kitufe ni cha nini. Akaniambia ni cha mapambo. Bi Chausiku, aliyekuwa amekaa nje akisikiliza kila kitu, akasema, "Mwongo mkubwa. Kizungushe kulia, mwanangu, halafu uzibe masikio."

Nikakizungusha. Sikuziba. Ilinichoma mpaka machozi yakatoka, na yeye akafumba macho. Wimbo ulipokwisha akaniambia yote, hata habari ya filimbi na miguu ya wenzake. Nimemwambia akitoka kule tutalima mchicha bondeni, au turudi kwetu, njaa haitatuua. Hajaamua. Hilo ni letu.

Sasa shida yangu mimi. Tunasema naye ananitazama mdomo. Nikigeuka kupuliza moto, mazungumzo yamekwisha. Nikicheka naona anasubiri kuona kama ni kicheko au kikohozi. Gitaa umelipatia tundu la kuingilia katika sanduku hili. Nakuomba ulitoboe tundu la pili, unipe na mimi kitu cha kusemea, niingie upande wake wa kulia. Kama hakuna kitu cha namna hiyo, niambie, sitakulaumu.

Sanduku analileta Didas. Gozbert tumemwambia kuna valvu inataka kutazamwa.

Shemeji yako,
Apolonia


Kinondoni,
23 Desemba 1956

Shemeji Apolonia,

Kipo. Mdomo wa simu ya jeshi, nimeufungia kwenye kipande cha mti ili uushike vizuri. Uweke karibu na kidevu, useme polepole kama unavyosema siku zote. Usipige kelele. Yeye asikae karibu sana na sanduku.

Nikuonye ili usivunjike moyo. Simu hizi hazina sauti safi, zinakwaruza. Na masikio yakishakwenda hayarudi, sisi tunayatafutia njia ya pembeni tu.

Wewe na mie hatuna malipo katika hili. Nunu anasema ukisema naye neno la kwanza, chagua zuri.

Muhdhar


Temeke,
26 Desemba 1956

Ndugu yangu Muhdhar,

Jana baada ya misa Apolonia alinikalisha mwisho wa chumba, akaliwasha sanduku, akakielekeza kitufe kulia. Nikauliza gitaa liko wapi. Akanionyesha kwa kidole nikae kimya. Akachukua kile kipande cha mti, akageukia ukutani, nisiuone mdomo wake.

Likatoka neno. Alisema, "Chumvi imekwisha."

Anasema alikuwa ameandaa maneno mengine, mazuri, ya kanisani, yakamtoka kichwani yote.

Ndugu yangu, sauti yake imebadilika. Imeshuka kidogo, ina mchanga ndani. Nilidhani ni ile simu ya jeshi, nikamwuliza Bi Chausiku, akasema hapana, ndivyo anavyosema mkeo. Kumbe tangu afike, kila aliposogeza midomo, mimi nilikuwa namjazia mwenyewe ile sauti ya msichana niliyemwacha Bukoba. Huyu ni mtu mzima. Miaka mitatu amelima peke yake, amemzika mama yake peke yake, ameita watu na kukemea mbuzi, na yote hayo yamo kooni mwake, wala hakuna barua iliyoniletea.

Nikamwambia arudie. Akageuka, uso umesawijika, akifikiri haikufaa. Akasema tena kwamba chumvi imekwisha. Nikamwomba arudie tena, akarudia, mpaka Bi Chausiku akatuletea chumvi yake katika kikombe, akaiweka chini kwa nguvu, akaenda zake.

Mara zote hizo nilikuwa nimesikia.

Gozbert